Paka Anayetembea Hewani

Jumanne, Mfangano

Mara ya saba leo. Hiyo katuni ya kizamani kwenye simu yangu naijua sasa kama sala: paka anamfukuza jogoo, anapita ukingo wa jabali, anaendelea kutembea hewani. Haanguki mpaka atazame chini.

Aliyeichora alikuwa fundi kweli. Kabla paka hajaanguka, muziki unanyamaza na anatukodolea macho sisi. Hapo ndipo mama hucheka, kwa mdomo wake uliopinda. Tangu kiharusi kimpate wakati wa Pasaka hajasema neno.

Ndugu yangu alipiga simu kutoka Migori. "Wewe huna bwana wala mtoto. Nani mwingine atakaa na mama?" Nilimkatia simu. Asiniudhi! Wale walionipa kazi Homa Bay wanataka jibu kesho.

Jioni niliketi kitandani kwa mama nimwambie kwamba nataka kwenda. Kabla sijaanza akanishika mkono. Midomo ikahangaika, kisha neno likatoka, la kwanza tangu Pasaka.

"Nwoye." Kwa Kijaluo, rudia.

Nilifurahi hadi nikalia. Halafu nikabonyeza, paka akatoka tena ukingoni, nami nikajikaza nisitazame chini.