Binti Yangu wa Gofu Siku Hizi Ananiita "Mzee"

Mpendwa Bibi, naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza. Mimi ni fundi seremala, nina miaka hamsini na tatu, na daktari aliniambia mgongo huu ukiendelea kuinama kwenye benchi bila kunyooshwa utagoma, nitafute mchezo, na kwa vile kifungua mimba wangu ni mwalimu wa gofu kwenye kiwanja kilicho karibu na karakana yangu nikaona bahati imenidondokea, nitafundishwa na damu yangu, nikaanza kwenda kila Jumamosi asubuhi pamoja na wanafunzi wake wengine wawili, mwenye duka la dawa na karani mmoja mnene mwenye maneno mengi.

Bibi, ule mchezo ukiutazama kwa mbali unacheka, mpira umetulia tu chini haukimbii, lakini mimi niliyepiga misumari tangu ujana nilikuwa naukosa, nachimba nyasi kama napanda viazi, na kila nikiinua fimbo nanyanyua kichwa kutazama mpira umekwenda wapi kabla hata sijaugusa. Binti akawa ananiambia, "Baba, usinyanyue kichwa. Wewe piga, mimi nitakuangalizia unakokwenda." Akasema leo, akasema wiki ijayo, sauti ileile, na kadiri alivyosema kwa upole ndivyo nilivyozidi kupanda hasira, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kushika randa akiwa mdogo, na karakanani kwangu kosa la tatu unatoka nje.

Jumamosi moja nikakosa mpira mara nne mfululizo, karani akasema, "Fundi, huo si msumari!" watu wakacheka, binti akanishika viganja anirekebishie kwenye fimbo, nikamsukuma mkono nikafoka, "Nani alikufundisha kutembea? Leo unifundishe mimi kusimama?" Binti akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Sawa," akaokota mipira, akanikabidhi kwa mwalimu mwingine. Huyo mpya hata nikipiga hovyo anasema, "Safi sana, mzee," na sijifunzi kitu. Binti tukikutana ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo, mzee," kama anavyowaamkia wateja wote, na nyumbani haji, mwezi wa pili huu. Nimefikiria kumtuma mama yake akambembeleze, maana baba kumwangukia mtoto sijawahi kuona. Nifanyeje?

Fundi Seremala

BIBI ANAJIBU

Fundi, pole ya mgongo. Pole yangu imeishia hapo, sasa kaa chini.

Gofu siijui na hiyo kazi ya kuchapa nyasi siitamani. Shule niliishia darasa la pili. Lakini kujifunza ukubwani, hilo usinieleze. Herufi unazosoma hapa nilifundishwa na mke wa mwanangu nikiwa na mvi kichwa kizima. Siku moja akaniambia, "Mama, hii umeigeuza tena," nikamrushia daftari. Unajua kilichoniuma? Si herufi. Yule niliyemwonyesha mwenyewe namna ya kuwasha jiko la nyumba yangu alikuwa anajua kitu nisichokijua, tena ananivumilia. Kuvumiliwa na mtoto kunawasha kuliko upupu. Kwa hiyo nakuelewa. Kukuelewa si kukutetea.

Wewe kwako kosa la tatu mtu anatoka nje. Yeye amekwambia neno lilelile mara ngapi? Hata hujahesabu. Na hakufoka hata siku moja. Basi amekushinda ualimu, fundi, na hilo ungepaswa kutamba nalo mtaani badala ya kununa. Ulitaka sifa? Haya, unazo, huyo wa "safi sana" anakupakulia kila Jumamosi. Zimekushibisha? Mtu asiyekujali hasumbuki kukusahihisha.

Halafu unataka kumtuma mama yake! Mama yake alikuwepo? Yeye ndiye aliyefoka? Mwanamume mzima, kumdhalilisha umemdhalilisha mbele za watu, radhi unataka ikaombwe jikoni kwa mdomo wa mwingine. Unasema hujawahi kuona baba akimwomba mtoto radhi. Vizuri. Wa kwako ataona.

Jumamosi hii nenda mapema. Ngoja karani afike, mwenye duka la dawa afike, wote waliosikia wawepo. Umwambie binti yako, "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Ukiongeza "lakini," beba fimbo zako urudi nyumbani. Karani akicheka, mwache, meno ni yake. Kisha simama na wanafunzi wenzako, na atakachokuambia fanya, hata akikirudia mara mia. Na usimuulize nyumbani anakuja lini. Hukwenda pale kudai.

Akikuita "mzee" bado, itika. Jina hilo ulijitafutia mwenyewe. Yeye atalivua siku moyo wake ukipoa, si siku unayotaka wewe.