Nilijipa Cheo Kwenye Fomu ya Mkopo ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie mimi mtu mzima niliyefanya jambo la kitoto, na tafadhali usinitaje hata mtaa, maana kwetu gazeti moja husomwa na nyumba sita.

Mimi ni baba wa watoto watatu na kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa ghala la rangi, nina funguo, nina meza, nina vijana wanaoniita bosi, na jina hilo likanifuata mpaka nyumbani, hata muuza mkaa ananiita Bosi, kisha ghala likafungwa, nikazunguka mwaka mzima kutafuta kazi nikaambulia ya kufua mashuka hospitalini, kule nyuma kwenye mashine, na nyumbani nikasema tu kwamba nimepata kazi hospitali, kitengo cha ugavi, wakamshukuru Mungu nami nikaitikia amina. Huu ni mwaka wa tatu natoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, nikifika navaa buti za mpira na aproni, jioni nabadilisha tena. Mke wangu aliponiuliza mbona mikono inachubuka nilimwambia ni vumbi la mafaili.

Sasa binti yangu wa kwanza akafaulu, tena vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, akapata nafasi chuoni kusomea kazi ya maabara, na siku ya kujaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo alikaa mezani na kalamu yake akaniuliza, "Baba, hapa wanataka kazi ya mzazi na kipato chake, niandikeje?" na mimi, mshauri, nilijua fika kwamba fomu hiyo lazima igongwe muhuri na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu siku ya posa ananiangalia kama mtu aliyekuja kuazima kitu na hatakirudisha, basi nikasema, "Andika afisa ugavi," na kipato nikataja mshahara wangu wa ghalani, nikauongeza kidogo ili ufanane na cheo. Mwanangu akaandika kwa mwandiko wake mzuri bila kuuliza. Shemeji akasoma, akagonga muhuri, akanipiga bega, "Kumbe shemeji mambo yako si haba," nami nikarudi nyumbani nimefurahi kama mjinga.

Majibu yakatoka kwamba hakupangiwa mkopo kwa sababu mzazi ana uwezo. Binti wa jirani, ambaye mama yake anauza nyanya na aliandika hivyohivyo kwamba anauza nyanya, amepata na ameshaondoka. Wangu aliisoma ile barua mara nyingi, kisha akaja kwangu akasema, "Baba, nisamehe, nadhani kuna mahali nilikosea kujaza." Aliniomba msamaha mimi. Nikamwambia usijali mwanangu, Mungu ana mpango wake. Yaani uongo wangu nikamsingizia na Mungu.

Sasa hivi amepata kibarua kwenye duka la fotokopi, na kazi yake kubwa pale ni kuwasaidia watu kujaza fomu za mkopo za awamu ya pili. Wiki iliyopita nilipita kumpelekea mwavuli kwa sababu wingu lilikuwa limetanda, nikamkuta na mzee mmoja anayesitasita kutaja kazi yake, naye anamwambia kwa upole, "Mzee wangu, andika tu kwamba unasukuma mkokoteni. Hapa hakuna wa kukucheka, na ukiongeza chumvi anayeumia ni mtoto." Yule mzee akaandika. Mimi niligeuka nikaondoka na mwavuli mkononi, mvua ikanilowesha nikiwa nao.

Dirisha la rufaa linafungwa mwisho wa mwezi huu. Yeye hataki kukata rufaa, anasema atakata rufaa juu ya nini wakati kosa lenyewe halioni, na kila alichoandika ni kweli. Rufaa yenyewe inataka barua ya mwajiri na muhuri wa mwenyekiti yuleyule. Nimefikiria niseme kwamba nimeshushwa cheo wiki hii, ili mambo yaende bila nyumba nzima kutikisika. Kila nikimwona anatoka kwenda dukani najuta. Nifanyeje?

Bosi wa Mashuka

Bosi wa Mashuka,

Pole. Nimesema pole mara moja na sitarudia, kwa sababu wa kupewa pole ni yule aliyekuomba msamaha kwa kosa lako, nawe ukamsamehe.

Hilo la kushushwa cheo liache hapohapo lilipozaliwa. Utashushwaje cheo usichokuwa nacho? Barua ya mwajiri itataja tarehe uliyoanza kazi na mahali unapofanyia. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwa afisa utumishi.

Kufua mashuka ya wagonjwa si aibu. Mimi nimelazwa mara mbili, na shuka safi nalikumbuka kuliko jina la daktari. Lakini sitakubembeleza kwa hilo, maana kinachokusumbua ni jicho la shemeji yako. Umemwogopa mtu mmoja mwenye muhuri mpaka ukamfungia mwanao mlango wa chuo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Wewe ulizaa kwanza, ukaficha baadaye, na anayelipa ni mtoto.

Halafu hilo vumbi la mafaili. Ndugu yangu, mkeo amefua nguo maisha yake yote, anaijua mikono ya mfuaji na anaijua harufu ya dawa ya kufulia. Sina ushahidi, ila ningekuwa wewe nisingetegemea kumshangaza. Huenda amekusitiri tu, akingoja useme mwenyewe.

Sasa nisikilize. Anza na binti. Mwambie, "Hukukosea, mimi ndiye niliyekudanganya," kisha nyamaza. Usimletee historia ya ghala, wala usilie ili yeye ndiye akubembeleze. Akikasirika, mwache, ana haki. Akikaa siku mbili hakusalimii, msalimie wewe. Jioni hiyohiyo mwambie mkeo, kabla hajasikia kwa wengine. Kesho yake omba barua kazini inayotaja kazi yako na mshahara wako kama ulivyo, na uipeleke kwa mwenyekiti ofisini, si nyumbani kwake ambako mtazungushana na chai. Mwambie fomu ya kwanza ilikuwa na uongo wako na muhuri wake, kwa hiyo hata yeye inamfaa irekebishwe. Akicheka, mngoje amalize, umwonyeshe pa kugonga. Na kwenye rufaa andikeni wazi kwamba taarifa zile zilitoka kwa mzazi, mwombaji hakujua. Hapo utie saini wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba rufaa itapita. Waombaji ni wengi, na bodi ya mikopo ina haki ya kukuuliza kwa nini ulidanganya. Huenda mwaka huu ukampita kabisa, na hilo utaishi nalo. Lakini muda huu unaposoma, binti yako yuko dukani anawajazia wenzake fomu, huku akiamini kwamba yeye hakuwa na akili ya kujaza yake. Kumtoa hapo hakuhitaji bodi wala muhuri wa mtu. Omba ruhusa ya saa moja, vua aproni, uende.