Picha ya Mama Mdogo Batuli

Brasels, Ubelgiji

Mama yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Goti lako linaendeleaje? Kaka Omari alinambia siku hizi unaswali umekaa, nikaona haya kuyasikia hayo kwake na si kwako. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu utanisikia nikilia, na sitaki unihurumie kabla ya kujua nilichofanya.

Unajua nilichokuja kutafuta huku: kupiga picha za habari kwa kujitegemea, nieleze nilichokiona bila ya kutumwa na mtu. Mwaka unakaribia kwisha nakunja mashuka hotelini, na kila siku ya mapumziko nawapelekea wahariri picha zangu. Wafagiaji wa stesheni, wazee wa hapa wanaokula peke yao. Mhariri mmoja wa jarida alizipitia haraka haraka, akaniuliza kama sina za kwetu, zenye huzuni.

Nikamwonyesha ya mama mdogo Batuli, niliyoipiga kwao Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, siku ya harusi ya binti yake. Unaikumbuka: ameinamia sufuria ya pilau, moshi wa makumbi ya nazi umemwingia machoni, machozi yanamtiririka. Buibui amelivua, kwa kuwa jikoni tulikuwa wanawake peke yetu na mimi ni mwanawe.

Wiki iliyofuata mhariri akanisomea maneno ya kuandikwa chini yake: mjane wa mpakani akimlilia mumewe aliyeuawa. Nikamwambia mumewe, baba mdogo Shee, yu hai, ni mvuvi, na siku ile alikuwa barazani akipokea wageni.

"Mumewe akiwa hai," akasema, "hii ni picha ya mpishi tu."

Nikamwachia aichapishe, Mama. Hakunilazimisha. Nilitaka jina langu lionekane.

Ikachapishwa, kisha ikatundikwa kwenye maonyesho yao, kubwa kama mlango. Siku ya ufunguzi mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa huku alisimama mbele yake akifuta macho, akaniuliza kama ni jamaa yangu. Nikasema ndiyo. Akainua mikono akamwombea baba mdogo Shee rehema na nuru kaburini mwake. Na mimi nikaitikia amina. Mtu aliye hai, aliyenifunza kuogelea.

Kesho yake nilikwenda kwa mhariri kumtaka aiondoe na aandike ukweli. Ukutani ameitoa. Kuandika amekataa, na akanambia nisirudi tena kwake. Lakini jarida limeshasambaa, na mitandaoni imo. Itafika Kiunga.

Kwa hivyo nakuomba umwite mama mdogo aje kwako Mkomani, umwambie kwa kinywa chako kabla hajaonyeshwa na watu. Usinitetee. Usiseme nilidanganywa. Siku naondoka ulinambia, "Nti za watu zisikuvue haya." Hizo nchi hazikunivua. Nimeivua mwenyewe.

Kamera nimeisukuma chini ya kitanda, na sijui kama nitaishika tena.

Nisalimie kaka Omari na mkewe, na Bi Mwanatumu aliyenisomesha Kurani chuoni. Mama mdogo mwambie namwomba radhi, wala simlazimishi kunipa. Baba mdogo Shee usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, siku nitakapoweza kumtazama usoni.

Mwanao aliyekuaibisha,
Rukia