Peoni Kwenye Tuta

Kilimatinde, 4 Machi 1951

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu, hasa mama na miguu yake inayovimba. Nimeomba ruhusa nije kumwona, lakini Bibi ninayemtumikia anasema nisubiri ua lake lichanue. Linaitwa peoni. Mizizi imetoka kwao Ulaya kwa meli, naye kaipanda juu juu, mingine inaonekana. Huko huchanua mwezi wa tano, siku chache tu, maharusi hulishika, na wazee wao husema lina uponyaji. "Likichanua, Dorkas, utampelekea mama yako." Hamwamini mtu mwingine alimwagilie maji. Nikitoroka, mkataba utanifunga. Nifanyeje?

Binti yako, Dorkas

Kinampanda, 2 Aprili 1951

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kidogo. Mama yako kasikia habari za ua, kacheka mpaka kakohoa. Anasema: "Mzungu gani anaacha mizizi nje nje? Mwanangu apandishe tuta, kama viazi." Fanya hivyo, anakungoja.

Baba yako, Naftali

Kilimatinde, 20 Mei 1951

Shikamoo baba. Mama anaendeleaje? Nimepandisha tuta kubwa. Majani yametoka mazuri, Bibi anayasifu kila asubuhi. Tumba hata moja hakuna. Ua hili nalichukia, baba.

Binti yako

Kinampanda, 9 Juni 1951

Mwanangu, hujambo? Huku si kwema. Mama yako haamki tena. Mtama tumevuna, hajauonja. Kila siku anauliza kama ua limechanua. Mwombe Bibi tena. Mimi sina ujanja.

Baba yako

Kilimatinde, 26 Juni 1951

Shikamoo baba. Naomba barua hii imkute mama hai. Jana mgeni wa Bibi kalifukua tuta, kashika kichwa. Kumbe peoni ikifukiwa sana hutoa majani matupu. Tena hutaka baridi kali ya kwao, hapa haitachanua kamwe. Bibi kalia, kaniruhusu. Lori linapita katikati ya Julai. Mama asijue habari ya tuta. Mwambie limechanua.

Binti yako

Kinampanda, 5 Julai 1951

Mwanangu Dorkas,

Leo sikuulizi hali. Barua yako imefika tumeshamzika mama yako, Jumapili. Ulilotaka nimwambie nilikuwa nimeshamwambia, maana nilishindwa kumtazama akingoja. Akauliza ni la rangi gani. Sikujua, nikasema jeupe. Akatabasamu, akasema: "Mnaona? Ni lile tuta."

Lori likipita, panda. Viazi vyake bado viko shambani, sijavigusa.

Baba yako