Kaisari wa Shahe

Guangzhou,
2 Machi 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye nampa shikamoo yake, maana najua amekaa hapo pembeni akisubiri umalize ili akuulize nimesema nini. Nyonga inaendeleaje? Mvua za Mbinga mwezi huu hazina huruma na mifupa, na ile fimbo yako nadhani sasa imekwisha ncha. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, biashara ya nguo inakwenda. Mengine yamo humu ndani. Uisome ukiwa umekaa.

Baba, milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa Sanyuanli, kwenye ofisi ya kusafirishia mizigo, mara nikasikia mtu ananiita kwa Kimatengo. Kugeuka, Cornel! Yuleyule, kanenepa, ananunua redio za kupeleka Dar es Salaam. Akanipa mkono. Akathubutu kuuliza hali yako. Haki ya Mungu, nilitamani kumtafuna.

Najua uliniambia nisamehe. Nikakujibu nimesamehe, na sikuwa nimesamehe hata chembe. Ningewezaje? Miaka kumi na miwili parokia yetu ilikuona wewe ukiwa Yesu kila Ijumaa Kuu. Mwaka ule wa tisini sisi vijana wa kwaya tukapewa uaskari wa Kirumi, mimi mbele nikikuvuta kwa kamba ya kiunoni, Cornel nyuma na mjeledi. Pale kwenye mteremko wa shule ukaenda chini, na msalaba wa mkaratusi ukakulalia juu, ukakuvunja nyonga. Watu wakalia kwa uchungu wakidhani ni mchezo, hadi Mama alipopiga yowe. Wote walikuwa wameuona mjeledi wa Cornel ukishuka. Na yeye, mbele ya Padri na halmashauri ya parokia, badala ya kutubu akasema eti ni mimi! Unakumbuka ulivyopiga meza ukiwa kwenye kiti cha wagonjwa. Wakamtoa kwaya, nyumba aliyokuwa amechumbia wakamrudishia posa, akahama. Mimi nikaona hiyo ni adhabu ndogo mno.

Basi sikiliza jinsi nilivyoiongeza.

Kuna laoban mmoja, ndivyo wanavyowaita mabosi huku, ana ghala Shahe katikati ya maduka ya nguo za jumla. Humo anatengeneza vichekesho vya kuuza kwenye CD za video. Mwaka huu alitaka Warumi wa kale. Warumi wenyewe hakuwapata, na kwake yeye mgeni ni mgeni tu, akaniomba nimtafutie watano. Kwanza akatuonyesha filamu za Wazungu tujifunze. Baba, ungeshika kichwa! Mrumi wetu sisi ni yule anayewaliza watoto njia nzima ya msalaba. Wa kwenye filamu zile ni mazuzu matupu. Askari wanagongana vichwa mpaka kofia zao za brashi zinageuka nyuma mbele. Jemadari anapiga saluti anajitia kidole cha jicho. Kaisari ni kibonge, analishwa zabibu kalala, anamkimbia mkewe, kisha anateleza kwenye bwawa la kuogea. Zubeir, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja, aliuliza kama kweli hawa ndio waliotawala dunia, au dunia yenyewe ilikuwa imelala. Nikacheka naye hadi machozi. Kabla sijayafuta nilikuwa nimeshajua Kaisari wangu ni nani.

Cornel unamjua kwa kupenda sifa. Nilimfuata nikamwambia laoban anatafuta mtu mwenye sura ya kutawala, na katika Waafrika wote wa Guangzhou nimeona ni yeye. Akavimba kama andazi. Wakamvika pazia jekundu na taji la majani ya plastiki. Siku ya kwanza wakammwagia supu ya tambi kichwani. Ya pili, watumwa wakamchapa makalio kwa mafungu ya vitunguu majani huku nguo imemvuka. Nilisimama pale na upanga wangu wa plastiki nikishangilia rohoni. Kila baada ya kipande alinijia, anatiririka mchuzi, akiniuliza kama amefanya vizuri. Nikamjibu vizuri sana, ongeza.

Siku ya mwisho tulimbeba kwenye kiti chenye miti miwili, askari wanne, mimi mbele kushoto. Tulitakiwa tuyumbe kidogo, taji lianguke, basi. Baba, mimi niliuachia mti. Sikuteleza, niliuachia. Akaporomoka kwenye sakafu ya saruji, mkono wa kulia chini yake, nikausikia ukivunjika. Na ghala zima likaangua kicheko! Yeye anagumia kwa maumivu, wao wanapiga makofi, kamera inaendelea. Na laoban hakukikata kipande kile, alisema ndicho kitamu kuliko vyote.

Nikachukua nakala. Nikanunua na deki yake kabisa, asije mtu akasingizia kwamba parokia haina chombo cha kuichezea. Nikampa Martina, yule mama wa Songea anayenunua vitenge, aliyeruka Jumamosi iliyopita. Nimemwagiza awakabidhi vijana waionyeshe ukumbini Jumatatu ya Pasaka. Nilitaka parokia nzima imcheke, na mama yake akiwa benchi la mbele.

Juzi Cornel akanitumia mtu kwamba anahitaji msaada. Nikaenda, nikajua ni ugomvi, nami nilikuwa tayari. Kumbe alitaka nimwandikie barua ya kwenda kwa mama yake, kwa vile mkono umefungwa plasta hadi kwapani. Akasema, mimi nikaandika. Akamsalimu, akamwambia asihangaike, kwamba alikuwa kazini akateleza mwenyewe. Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza kwa nini asema hivyo wakati aliniona. Akanijibu, bila hasira, kwamba mara ya kwanza alisema kweli mbele ya Padri, mbele ya watu wazima kumi na wawili, na hakuna aliyemsadiki. Ya pili ataisemea nini? Kisha akaniambia niendelee kuandika, barua isichelewe.

Baba, la kuvunda halina ubani. Cornel hakukuangusha. Mjeledi wake haukukugusa hata shati. Ni mimi niliyevuta kamba. Tulikubaliana uanguke mara ya kwanza pale kwenye nyasi, ukiwa umejiandaa, lakini watu walikuwa wanamtazama Cornel tu jinsi anavyotisha, wananong'ona habari zake, na mimi nikaona wivu. Nilitaka wanione na mimi. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, mahali pasipo pake, nawe ulikuwa hujatia mguu chini. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikaapa kwamba sikuvuta. Ukapiga meza ukasema mwanao hasemi uongo. Tangu siku hiyo nimemchukia Cornel, si kwa alilokutenda wewe, ila kwa kuwa yeye peke yake alikuwa anajua.

Siombi msamaha kwa barua, ni aibu. Naomba mawili. Umpe Padri barua hii, aisome kwa halmashauri ileile, na mama yake Cornel aitwe asikie. Na CD msiizuie, ionyesheni. Ila kitakapofika kile kipande cha kiti, waambie wasimtazame Kaisari. Wamtazame askari wa mbele kushoto. Utauona mkono wangu, Baba, unavyofunguka.

Zubeir anaondoka kesho, ataiposti barua hii Dar es Salaam, naamini itawahi kabla ya Pasaka. Nisalimie Mama, umwambie asilie mbele za watu. Wasalimie na majirani, wale watakaopenda kupokea salamu zangu.

Ni mimi mwanao,
Gaudence