Kuku wa Mama Kabula Mbele ya Kamati

Tabora, kwenye nyumba za Reli

Mama yangu mpenzi,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya Kamati kukaa kitako tangu alasiri hadi magharibi, nakutangazia wewe na ukoo mzima kwamba kuku mmoja, mtetea mwenye madoa, mali ya Mama Kabula wa Gongoni, amehukumiwa kuwa ni mshahara.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo Mama. Goti lako linasemaje? Yale mafuta ya nyonyo usiyaache kwa sababu tu jirani kakuambia yananuka. Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi huku inamkumbusha mtu dhambi zake. Na wewe Dada Mwanaidi unayemsomea, usiruke mistari kama ulivyofanya juzi, maana Mama alinijibu mambo ambayo sikumwuliza.

Mama, barua iliyopita nilikuahidi jambo. Nilisema timu yetu ya karakana imechaguliwa kuteremka Dar es Salaam kwa gari moshi kucheza mpira, na kwamba mimi katibu nitafuatana nayo, niibe siku mbili nije Bagamoyo kukuona, huu mwaka wa nne hatujaonana. Ukanijibu kwamba umeanza kunifugia jogoo. Sasa sikiliza yaliyotupata, na ukishika kichwa ujue mimi nilikishika kabla yako.

Unamjua Bwana Filimbi kwa barua zangu: yule Mwingereza wa Reli, mwenyekiti wa ligi yetu, ambaye filimbi haimtoki shingoni hata ofisini. Mchana mimi ni karani wake wa taipu. Tangu masika anaandika historia ya ligi ya mkoa wao huko Uingereza, aliyoichezea ujanani, nami ndiye ninayeipiga taipu. Nilidhani nitakutana na wafalme. Nilishtuka, Mama. Ligi ilizaliwa chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe. Waliokuwepo ni mchinja nyama, mwalimu, wachimba makaa wawili, na kasisi aliyekuja kuwakemea akabaki kuwa mweka hazina. Kiwanja kimoja kilikuwa malisho, hivyo kabla ya mechi wachezaji walizoa mavi ya ng'ombe kwa koleo. Timu moja ilifungwa kila Jumamosi msimu mzima, kisha ikafanya karamu. Nikamwuliza, "Bwana, karamu ya nini?"

"Ya kumaliza msimu," akasema, wala hakucheka.

Hawa ndio wanaotutawala, Mama.

Ukurasa mmoja tu niliupiga polepole. Vita vile vya kwanza vilipoanza, timu ya kijiji kimoja ilikwenda jeshini yote. Vilipokwisha, kitabu kinasema: timu hiyo haikuingia tena. Basi. Nikawakumbuka wapagazi wa huku waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo hivyo, ambao hata mstari huo mmoja hawakuupata.

Sheria yao kubwa ni ridhaa. Maana yake mtu acheze kwa kupenda, asipokee kitu. Imeandikwa habari ya mchezaji mmoja, jina halikutajwa, aliyefunga goli, na mchinja nyama kwa furaha akampa paja la kondoo. Kamati ikamfungia mwaka mzima. Nilipofika hapo nilicheka mpaka nikaharibu karatasi mbili. Paja la kondoo!

Nilicheka Jumatano. Jumamosi tukacheza na Igalula.

Mshambuliaji wetu ni Masanja, mfua vyuma wa karakana, mtu mpole mwenye mguu kama nyundo. Mechi ikiwa inakaribia mwisho akaupata mpira, akawapita wawili, akapiga, ukaingia katikati ya milingoti. Refa, ambaye ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali, akapuliza filimbi yake, lakini nani alisikia? Vigelegele vilikuwa vimeifunika. Mama Kabula, muuza michembe, viazi vile vilivyokaushwa, akaingia uwanjani na kuku wake mkononi.

Huku, Mama, mcheza ngoma akipendeza hutuzwa palepale, vumbi lingali miguuni. Asiyetuza ni mchoyo, na anayekataa tuzo amemtukana aliyempa. Masanja akapiga goti, akampokea kuku kwa mikono miwili. Tukamfunga kwenye mlingoti wa goli letu, na kipa akalalamika hadi mwisho: "Mwondoeni huyu, ananitazama!"

Sasa kosa langu. Fomu ya ripoti ya mechi ina mstari wa mwisho unaouliza kama kuna jambo la kutajwa. Siku zote huandika "hakuna". Safari hii, kwa kujivuna, nikaandika kwa mwandiko wangu wa sikukuu: Masanja alituzwa kuku, mtetea mwenye madoa. Mkono uliopiga taipu lile paja la kondoo ndio ulioandika kuku, na kichwa hakikushtuka hata kidogo. Kwangu mimi paja lilikuwa malipo, kuku alikuwa heshima.

Jumatatu Bwana Filimbi akasoma, akabadilika rangi. "Shomari, hii nini?"

"Kuku, Bwana."

"Kwa ajili ya goli?"

"Ndiyo, Bwana," nikasema kwa furaha, "tena mbele ya watu wote."

Kamati ikaitwa: yeye, Padri wa misheni, na Bwana Kanji mwenye duka la vitambaa. Mama Kabula akaletwa kuulizwa.

"Mama, ulimlipa mchezaji huyu?"

"Nimlipe, kwani kanilimia shamba? Nimemtuza."

"Tofauti yake nini?"

Mama Kabula akamgeukia Bwana Kanji. "Huyu kwao hana mama?" Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Baba yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka kwa kina huyu, watani zangu hawa wa Bagamoyo wanaolala mpaka jua liwaingie puani. Alipofika alicheza ngoma, akatuzwa nguo. Hakuna aliyesema ni mshahara. Mshahara wenyewe walimpunja!"

Padri akakohoa. Bwana Filimbi si mtu mbaya, Mama. Nilimwona akitafuta mlango. Akasema, "Kuku akirudishwa mzima, nitaandika kwamba hakupokea kitu."

Tukamtazama Masanja. Masanja akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Padri. Padri akatazama dari. Yule kuku tulimla Jumapili, na Padri, aliyepita kutusalimia, ndiye tuliyemheshimu kwa firigisi.

Hukumu: Masanja asicheze mwaka mzima, timu isisafiri, waende Igalula badala yetu. Niliipiga taipu mwenyewe, nakala tatu. Nilipompelekea atie sahihi nikashindwa kunyamaza. "Bwana, yule wa paja la kondoo alikuwa nani?"

Akaweka kalamu chini. "Mimi," akasema. "Walitaka nilirudishe. Mama yangu alikuwa amekwisha kulipika."

Akatia sahihi zote tatu.

Basi siji, Mama. Usilie mbele ya Mwanaidi, atalia zaidi yako na barua italowa. Jogoo mchinjeni, msiningojee. Nyie mkila, mimi nimekula. Masanja anakuamkia ingawa hakujui. Anasema angejua angemkataa kuku, kisha anasema hapana, asingeweza. Kila jioni huenda uwanjani, akasimama nje ya mstari.

Mpe salamu Mjomba mshona kofia, na Shangazi aliyeniuguza nilipokuwa na tetekuwanga, mwambie kovu bado lipo. Mume wa Dada umwambie aache kuniagizia asali kila barua. Nyuki wa huku nao wana shughuli zao. Na wewe unikumbuke katika dua zako, hasa ile ya alfajiri, ambayo najua huikatizi kwa usingizi.

Ni mimi mwanao,
Shomari,
katibu wa timu isiyosafiri.

Dada, hili msomee mwisho. Ripoti yangu ilikuwa mezani muda wote, na mstari wake wa kwanza hakuna aliyeusoma. Unasema mechi iliisha bila kwa bila. Masanja alikuwa ameotea, na goli lile refa alilikataa.