Kisanduku cha Njano cha Benon

Gitega, Kigali
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Praxeda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mama limepungua uvimbe. Je, migomba imesimama baada ya upepo ule? Mimi ni mzima, ila bega la kulia linanisumbua. Jengo letu la Kagarama limefika ghorofa ya tatu, na zege bado tunalipandisha kwa karai.

Sasa habari za mdogo wetu Benon. Uliandika nisimlete Krismasi mpaka aache kujidunga unga. Hajaacha, dada, sitakudanganya. Lakini soma mpaka mwisho.

Mwezi wa saba nilikuta chini ya godoro lake sindano nne mpya, bado ziko kwenye karatasi zake. Nilizitupa chooni, nikajisifu kwamba nimemwokoa. Kesho yake akaniambia, "Kaka, ulitupa zangu, nikaazima ya mwenzangu. Ilikuwa na damu yake." Unga alikuwa nao palepale. Nilichomnyang'anya ni usafi tu.

Nilikwenda kumgombeza mama anayewagawia sindano, Générose, ambaye hupita mtaani kwetu Jumanne na Ijumaa. Hakukasirika. Yeye mwenyewe aliwahi kujidunga miaka sita. Alinieleza kwamba anapokea zilizotumika na kutoa mpya, na wanaojidunga wakishamzoea anawapeleka kupima na kutibiwa. Siku hiyohiyo akampeleka Benon. Walimpima UKIMWI na homa ya ini, wakampa vidonge vya kinga vya mwezi mzima, wakasema arudi baada ya miezi mitatu. Miezi ile niliihesabu siku kwa siku.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba ilikuwa umuganda, ile kazi ya mtaa mzima. Tulisafisha mtaro. Zamani tulikuwa tukifyeka majani tunakuta sindano nyingi. Safari hii tulikuta moja. Kwenye mkutano baada ya kazi, mzee Mugenzi akamuuliza Générose, "Kwa nini usiwaletee hao wanaojidunga na vitanda kabisa?"

Akajibu, "Vitanda sina, mzee. Nina visanduku vya kutupia sindano. Au unapenda kuziokota kwa vidole?"

Watu walicheka, na Mugenzi mwenyewe akacheka.

Majibu ya pili yalitoka Alhamisi. Benon ni mzima, dada, hana UKIMWI wala homa ya ini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki na mabuti yangu ya zege, nikamwomba daktari ayasome tena.

Mwili wake umerudi. Siku nyingine anakuja kazini kufunga nondo, siku nyingine haji. Ameanza kuulizia dawa ya kumsaidia kuacha. Simsukumi.

Kwa hiyo tutakuja wote wawili, tarehe ishirini na tatu. Atakuwa na kisanduku cha njano cha plastiki; sindano iliyotumika ikishaingia humo haitoki. Naomba ukiweke juu ya kabati, mwanao Winifred asikifikie. Usikifungue, wala usimpekue mfuko. Kutupa nilishatupa mimi, inatosha.

Msalimie shemeji Jeremiah na Winifred. Mwambie mama asihangaike na vitanda. Kimoja kinatutosha mimi na Benon, kama zamani. Mungu awape mvua ya kiasi na mlango usiofungwa.

Mdogo wako akupendaye,
Kenneth